Dirisha Lisilofunguka

Vidivellir, karibu na Arborg, Manitoba
6 Februari 1984

Mjukuu wangu Asgeir,

Nakusalimu kwa mikono miwili, maana kwa umbali huo uliokwenda mmoja hautoshi. Sisi tuliobaki tu wazima, na tuliobaki ni mimi na paka. Mama yako alirudi Winnipeg Jumapili baada ya kufua kila kitu humu ndani, hata visivyo vichafu. Ng'ombe wote tisa wamehamia kwa jirani yetu Steini, naye anadai wananililia. Mwongo yule, ng'ombe halilii mtu, analilia majani. Nje ni nyuzi thelathini na nane chini ya sifuri na mimi nimeketi na blauzi tu, sina hata sweta. Kwa hilo nakupa heshima yako, nyumba uliyotujengea haipitishi baridi.

Najua hukuweza kuja kumzika Afi, babu yako. Ndege hazikuruka na barabara ya barafu ilifungwa, nani atakulaumu? Alizikwa vizuri. Kanisa lilijaa, Thora, dada yake, alioka keki ya plamu ya tabaka saba, na mchungaji kwa mara ya kwanza maishani mwake alijua kunyamaza.

Sasa niseme lililonishikisha kalamu. Kwenye simu siwezi, laini yetu inatumiwa na nyumba nne, na nusu ya wilaya inasikiliza huku ikimenya viazi.

Afi yako alikata roho chumbani kwetu juu, tarehe ishirini na moja Januari, saa kumi alasiri. Mimi nilikuwa nimemshika mguu, Thora mkono. Pumzi ilipokoma Thora aliinuka kwenda kufungua dirisha, kama alivyomfanyia mama yao, na kama mama yao alivyowafanyia waliomtangulia. Mtu akifa, chumba alichofia hufunguliwa dirisha atoke. Hakuna anayekufundisha jambo hilo, unalikuta tu. Thora akapapasa fremu juu, akapapasa chini, akapapasa pembeni. Hakuna kitasa, hakuna komeo. Akaniuliza, "Lauga, linafungukia wapi hili?" Nikamjibu, "Halifunguki." Tukatazamana na maiti katikati yetu. Nilikimbia chini nikafungua mlango wa jikoni hadi mwisho, lakini Thora alisema kutoka juu ya ngazi, "Huo si wake, Lauga. Huo ni wa watu na ndoo."

Basi hakutoka, Asgeir. Nakwambia nikiwa na akili zangu zote. Naomba jambo moja tu: njoo, au tuma mtu, chumba kile kitobolewe mahali. Padogo tu, pa kupita paka.

Amma yako,
Sigurlaug


Yellowknife
17 Februari 1984

Amma yangu,

Nakubusu mashavu yote mawili. Barua yako niliisomea kazini, nikalia mbele ya mafundi sita, nikawaambia ni vumbi la pamba ya vioo, ile ya kujazia kuta, limeniingia machoni. Waliniamini, au walinihurumia. Mimi ni mzima. Huku jua linachomoza saa mbili na nusu likiwa limechoka, na chakula chetu ni samaki, viazi, kisha samaki. Nakumbuka keki ya Thora mpaka nameza mate.

Kuhusu chumba. Amma, nisikilize vizuri, usiniite mkaidi kabla sijamaliza.

Ukuta wako una safu mbili za nguzo za mbao, na kati yake nimejaza pamba nene kutoka kiwiko changu hadi ncha za vidole. Kwa ndani, kabla ya ubao wa jasi unaouona, kuna karatasi ya plastiki inayozunguka nyumba nzima bila kukatika, na kila kiungo nimekipaka lami ya kuziba kwa mikono yangu. Plastiki hiyo ndiyo nyumba yenyewe, vingine vyote ni nguo zake. Ukichemsha kahawa, ukioga, ukipumua, unatoa mvuke. Mvuke ukipata tundu utaingia ukutani, ukutane na baridi, ugande. Mwezi wa tano barafu inayeyuka ndani kwa ndani, mbao zinaanza kuoza, nawe huoni kitu mpaka siku utakapoegemea ukuta na mkono ukazama. Nimeifungua hapa nyumba ya miaka minne tu, nguzo nikawa nazichota kwa kijiko.

Nyumba yako inapumua kwa kile kisanduku cha hewa kule chini: bomba moja latoa hewa chafu, la pili laingiza safi, zinapishana na kuachiana joto. Haihitaji tundu jingine.

Na kuna hili. Tarehe kumi Mei wapimaji wa serikali watakuja kufunga feni mlangoni na kuhesabu hewa inayovuja. Nyumba ikifaulu, itakuwa ya mfano, nami nimeahidiwa kujenga arobaini kama hiyo huku kaskazini. Arobaini, Amma! Watoto wa huku wanalala na makoti.

Roho, kama inatoka, haingojei kitasa. Tafadhali usiuguse ukuta.

Mjukuu wako,
Asgeir


Vidivellir
3 Machi 1984

Asgeir, fundi wa plastiki,

Salamu zako zimefika na mashavu yamezipokea. Thora anakusalimu, goti lake limevimba. Mke wa Steini amejifungua msichana, wamempa jina la mama mkwe ili kununua amani, tutaona kama itauzika. Paka hapandi tena ngazi. Ukimbeba hadi juu, anakukwaruza na kuteremka.

Kwa hiyo nyumba ina nguo. Basi ulimvika Afi yako koti asiloweza kulivua.

Wewe ulikaa humu siku tatu tu baada ya kumaliza, hujui ukimya wake. Nyumba ya zamani ilikuwa ikilia usiku kucha, upepo ukipita kila pembe, mbwa wa Steini ukamsikia kama yuko chini ya kitanda. Sasa hata gari la kusukuma theluji linapita barabarani silisikii. Afi yako alipokuwa mgonjwa aliniambia, "Lauga, niko ndani ya chupa, na mtu ameshaweka kizibo." Nilimwambia ashukuru ana joto.

Ndiyo maana nikisikia kitu humu najua kimetoka humu humu. Kila siku saa kumi alasiri, ninapoteleka kahawa, naye anapanda ngazi. Hatua kumi na moja. Kwenye ya saba anapumzika, ile nyonga yake. Kisha ubao wa sakafu karibu na dirisha unalalamika. Nikipanda simkuti, ila kwenye kioo pana ukungu wa duara, mkubwa kama kisahani, kama mtu aliyesimama akichungulia nje na kupumua. Ninaufuta kwa aproni. Kesho yake upo.

Simwogopi. Miaka hamsini na mbili nimelala naye, nitamwogopaje leo? Ninamwonea huruma. Anasimama pale kama mtu aliyefungiwa stesheni.

Mimi mwenyewe kichwa kinanigonga tangu wiki iliyopita na kahawa haina ladha. Nasinzia mezani mchana kweupe, mimi niliyekuwa nikikucheka wewe kwa kusinzia. Ni huzuni, Thora anasema. Nadhani ni uzee.

Nina swali, unijibu kwa ndiyo au hapana. Kabla hamjaweka madirisha, Afi yako aliniambia atakuomba la chumbani kwetu liwe la kufunguka. Alikuomba?

Amma yako


Yellowknife
12 Machi 1984

Amma yangu mpendwa,

Naandika mbio, lori la posta linaondoka. Hongera kwa Steini na mkewe. Mpe Thora pole ya goti, apake mafuta ya kondoo yenye joto kama ulivyokuwa ukinifanyia mimi.

Ngazi mpya hulia mbao zinapokauka, hasa mwaka wa pili, na hasa alasiri jua linapogeuka. Ukungu kwenye kioo maana yake unyevu umezidi ndani, punguza kuchemsha maji. Kwa kichwa umwone daktari. Sisemi kwa kukuondoa, nenda kweli.

Nakuomba tena kuhusu ukuta. Mengine tutazungumza nikija.

Asgeir


Vidivellir
16 Machi 1984

Asgeir,

Salamu ni zile zile. Thora yuko kitandani na goti lake, kwa hiyo siku tano sijaona mtu. Mvua ya barafu imeangusha nyaya za simu kuanzia hapa hadi njia panda, wilaya nzima haina la kusikiliza. Barua yako sijaipata, nami sikuingoja. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini katika nyumba hii mkuu ni mimi.

Nimetoboa ukuta.

Nilichukua keke ya Afi yako kutoka sanduku lake la vyombo. Sikujua nitoboe wapi, ukuta wote mweupe, na ulishaniambia kuna nguzo na nyaya za umeme. Nikasimama pale ubao unapolalamika, nikanyoosha mkono bila kufikiri, nikaanza hapo. Matundu saba kwa duara, kisha patasi katikati. Sikugonga nguzo wala waya. Plastiki yako ilipasuka kwa sauti ndogo tu, nikavuta pamba, nikavuta tena, nikafika kwenye mbao za nje, zikanipigia kelele zao zote. Ilinichukua siku mbili kwa sababu kila nikikaa kupumzika nilikuwa nalala. Tundu lenyewe ni la kupita ngumi. Nilipochungulia nikaona theluji ya uani. Nikamwambia, "Haya Thorlak, mlango ndio huo."

Saa kumi akapanda. Nikawasha mshumaa nikaushika mbele ya tundu, nimwone anavyopita. Thora husema mwali humfuata anayetoka.

Asgeir, mwali uliinama kwangu. Uliingia chumbani. Ulilala kabisa kama mtu ameupuliza kutoka nje, na haukuinuka. Nilingoja mpaka nta ikaniunguza kidole. Nimetoboa ili mtu atoke, na kumbe kuna kinachoingia. Sijui ni nini. Tangu hapo ngazi zinalia hata asubuhi, na jana, nikiwa nimelala kwenye kiti cha jikoni, nilimsikia akiniita kwa jina langu kamili, karibu na sikio, mara mbili. Nilitaka kuitika, miguu ikakataa.

Nitampa Steini barua hii akipita na maziwa.

S.


Yellowknife
26 Machi 1984

Amma,

Utakapoisoma hii Steini ameshakueleza nusu. Barua yako nimeifungulia posta leo asubuhi na sikufika mlangoni. Simu yako haiiti. Nimempigia Steini, nyaya za kwake zimeshaunganishwa, nikampigia kelele hadi mtoto akaamka. Nilimwambia aende sasa hivi na pikipiki ya theluji, akutoe nje kwanza, maswali baadaye. Saa moja na nusu nilikaa sakafuni hapo posta nikingoja anipigie kwamba u hai. Yule mama wa stempu aliniletea chai nikaisahau mkononi.

Nikueleze, maana unastahili kuelezwa. Majira ya baridi hewa ya moto hupanda, na chumba cha juu husukuma hewa nje. Tundu lako lilipaswa kutoa. Mwali ulipaswa kuinamia ukutani. Ukiinamia chumbani, basi nyumba nzima ina njaa ya hewa. Bomba la kuingiza hewa safi limeziba kwa barafu, na la kutoa linaendelea kutoa. Nyumba isiyovuja inavuta hewa popote inapopata, na penyewe ni bomba la moshi la jiko lako la kuni. Moshi umekuwa ukirudi. Ile gesi ya sumu haina harufu wala rangi. Inaanza na kichwa, kisha usingizi, kisha mtu anasikia sauti na kuona waliokufa, kisha haamki.

Nilijifunza jambo hilo, Amma. Nimelifundisha wengine. Nilichora nyumba yako bila kulipatia jiko bomba lake la hewa kwa sababu bomba ni tundu, na mimi nilikuwa nachukia matundu.

Tundu lako, nililokukataza mara mbili, huenda ndilo lililokuweka hai.

Na swali lako. Ndiyo. Aliniomba. Ilikuwa Julai, ameshika ngazi mimi niko juu yake. Akasema, "La chumbani kwetu liweke la kufunguka, kijana. Mimi ni mtu wa miaka sabini na nane, nitalihitaji." Nilicheka. Nilimwambia la kufunguka linavuja, kila ufa unahesabiwa siku ya kipimo. Akanitazama kidogo, akasema, "Basi, fundi ni wewe." Akaendelea kunishikia ngazi.

Sikukujibu kwa sababu sikuweza kuandika neno hilo moja.

Asgeir


Vidivellir
5 Aprili 1984

Asgeir,

Mimi ni mzima. Thora anatembea kwa fimbo na amenisamehe kwa kutoboa bila yeye. Theluji imeanza kuoza, uani pote matope.

Steini alinikuta mezani nimelalia mkono, kikombe kimepoa. Alinibeba kama gunia la shayiri na kunilaza kwenye theluji na gauni la nyumbani, ndipo nikafumbua macho nikamtukana. Kwenye bomba lako alitoa donge la barafu kubwa kama kichwa cha kondoo. Hospitali walinivalisha barakoa ya hewa siku mbili. Daktari alisema saa nyingine mbili tatu za usingizi ule na ningemfuata Afi yako. Nilikukasirikia siku hizo zote mbili, nikapanga maneno mazuri sana ya kukuandikia. Siku ya tatu yalinitoka. Uliyoyaandika umeyaandika, nami nimeyasoma, tusiyarudie.

Steini amepitisha bomba la hewa la jiko kama ulivyomwelekeza. Kisanduku kinanguruma sawasawa. Kichwa kimepona, kahawa ina ladha, sisinzii. Nimeushika tena mshumaa mbele ya tundu, na mwali sasa unainamia ukutani kama ulivyosema unapaswa. Hewa inatoka.

Yeye hatoki.

Ulidhani nitakwambia amekwisha pamoja na gesi. Nami nilidhani hivyo, nikawa tayari kujicheka. Jumanne Steini alikuja kutazama jiko, tukakaa kunywa kahawa, vipande vya sukari tumevibana menoni kama kawaida. Saa kumi. Hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwenye ya saba pakawa kimya. Steini alikuwa anachovya mkate, hakuinua hata macho, akasema, "Mwite mzee ashuke, kahawa inapoa." Kisha akasikia alichokisema. Aliweka mkate chini taratibu, akavaa kofia, akaenda zake na kikombe changu mkononi. Tangu siku hiyo maziwa analeta mkewe.

Ukungu wa kioo umehama. Sasa uko kati ya vioo viwili vya dirisha, mle mlimozibwa kiwandani. Siwezi kuufuta. Unakuja saa kumi na kuondoka jua likizama.

Afi yako alikuwa na futi sita na inchi mbili, Asgeir. Tundu la ngumi halimtoshi.

Amma yako


Yellowknife
18 Aprili 1984

Amma yangu,

Nimewaandikia wapimaji wasije. Nyumba arobaini amepewa mtu mwingine, nami nimempelekea michoro yangu na karatasi moja juu yake yenye maneno ya bomba la jiko, kwa wino mwekundu. Usinipe pole.

Ukungu kati ya vioo ni muhuri uliopasuka. Hutokea, nimeona mara nyingi.

Nakuja Mei barabara zikikauka. Nina dirisha, la kufunguka, lina mkono wa shaba. Kuna jambo ningependa unipimie: ukungu huo uko futi ngapi kutoka sakafuni? La, acha. Nitapima mwenyewe.

Asgeir


Vidivellir
9 Juni 1984

Mjukuu wangu mpenzi,

Natumaini ulifika salama na mgongo haukuumi baada ya zile saa nyingi za basi. Thora anakula samaki mkavu uliomletea na kusema wa huko hawajui kukausha, lakini amebakiza mikia tu. Mtoto wa Steini ana jino. Ng'ombe watatu wamerudi kwangu, nimekataa wengine.

Kuna mambo nisingeweza kukwambia uso kwa uso, ulikuwa umechoka na ulikuwa unanitazama sana.

Nilikuona siku ile ya kwanza. Ulidhani niko jikoni. Ulipima ukungu kwa futi yako ya chuma, ukaandika kwenye kibao, kisha ukasogea ukasimama mbele ya kioo. Mdomo wako ulifika chini yake kwa inchi tatu. Katika ukoo huu waliobaki hakuna mrefu kuliko wewe. Ulikaa pale muda, kisha ukaanza kung'oa fremu. Sikutaka kukuaibisha, nikarudi chini.

Dirisha umelifunga vizuri. Nimepitisha mshumaa pembe zote nne, halivuji hata kidogo, na mkono wa shaba unageuka kwa kidole kimoja. Plastiki uliyorudishia na ile lami yako imenichafua kila taulo. Afi yako angeshika ngazi.

Ulipougeuza ule mkono saa kumi ile, sote watatu tukiwa chumbani, ulinitazama mimi, Thora akalitazama pazia. Pazia halikutikisika. Mliona haya kwa ajili yangu, najua. Thora alisema, "Basi, labda alikwisha kwenda zamani." Ukasema, "Labda." Mkashuka kula.

Mimi nilibaki nyuma, nikasikia. Ule ubao wa karibu na dirisha ulilalamika mara moja, kama unavyolalamika mtu akinyanyua mguu wake juu yake. Kisha chumba kikawa chumba tu. Sijui niseme vipi. Umewahi kutoka kwenye jumba la watu ukajua, bila kugeuka, kwamba mlango umeshafungwa nyuma yako? Ilikuwa hivyo, ila mimi ndiye niliyebaki ndani.

Siku ya pili paka alipanda ngazi mwenyewe akalala juu ya kitanda. Saa kumi niliteleka kahawa, nikasikiliza. Hakuna. Siku ya tatu hakuna. Leo ni siku ya kumi na nane.

Nilifanya lililonipasa, Asgeir, na wewe ulifanya lililokupasa, na watu wote wanasema sasa amepumzika. Ni kweli. Nililia miezi minne kwamba amefungiwa, nikakuandikia, nikakutukana, nikatoboa nyumba yako, nikakupotezea nyumba arobaini. Muda wote huo, kila siku saa kumi, kulikuwa na mtu anayekuja. Sikuhesabu hilo. Nilihesabu ngazi tu.

Sasa naliacha dirisha wazi usiku na mchana. Mbu wananila, na Steini, ambaye amerudi kuleta maziwa mwenyewe kwa kuwa hasikii tena kitu, anasema nitaiharibu nyumba kwa unyevu. Mwache aseme. Nakaa kitandani upande wake na kutazama uwanjani mpaka giza.

Wewe uliyesomea hewa, niambie, na safari hii usikawie kunijibu: kitu kikishatoka, kuna njia ya kukirudisha ndani?

Amma yako,
Sigurlaug